Kinga ya plastiki katika zege jipya: Bitana inayookoa mabomba makubwa ya majitaka

DESEMBA 30, 2021, bomba kubwa la majitaka lililojengwa kwa zege katika miaka ya 1960 liliporomoka chini ya mji wa Carson, kusini mwa Los Angeles, nchini Marekani. Majitaka yaliyokadiriwa kufikia galoni milioni 8.5, sawa na lita zipatazo milioni 32, yalifurika, yakaingia katika mifereji ya maji ya mvua na kutiririka hadi baharini.

Fukwe kadhaa za kaunti za Los Angeles na Orange zilifungwa katika siku za kuukaribisha mwaka mpya, huku mafundi wakihangaika kufunga pampu na mabomba ya muda ili majitaka yapite pembeni mwa sehemu iliyobomoka. Bomba hilo lilikuwa tayari limo katika mpango wa ukarabati, lakini halikusubiri zamu yake.

Matukio ya aina hiyo ndiyo yanayowafanya wahandisi wanaojenga mabomba makubwa ya majitaka, chemba na visima vya pampu kusisitiza kinga moja ambayo mpita njia haioni kamwe: bitana ya plastiki inayofunika uso wa ndani wa zege.

Kinga hiyo ina sharti moja gumu. Hufanya kazi vizuri zaidi inapofungwa pamoja na zege siku ileile linapomwagwa. Ikiachwa siku hiyo, kuirudishia baadaye huwa kazi ya gharama kubwa, inayofanyika gizani, chini ya mji ambao hauwezi kuambiwa uache kutumia vyoo kwa mwezi mzima.

Zege huliwa na nini?

Wengi hudhani kwamba majitaka yenyewe ndiyo yanayolitafuna zege. Ukweli ni kinyume chake. Sehemu ya chini ya bomba, ambayo hufunikwa na maji wakati wote, mara nyingi hukutwa ikiwa nzima, wakati dari yake, ambayo haiguswi na maji, ndiyo iliyoliwa.

Chanzo chake ni gesi. Chini ya mkondo wa majitaka, ukuta wa bomba hujengeka utando wa utelezi. Ndani ya utando huo hakuna oksijeni, hivyo bakteria wanaoishi humo hutumia salfeti iliyomo katika majitaka na kutoa salfaidi.

Majitaka yanapotembea polepole, yanapokaa muda mrefu bomba au yanapokuwa na joto, salfaidi huongezeka. Mahali maji yanapovurugika, kwa mfano yanapoanguka ndani ya chemba, hutoka ikiwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza.

Gesi hiyo hupanda na kuyeyuka katika unyevu ulioganda darini. Hapo hupokewa na bakteria wa aina nyingine, wanaohitaji oksijeni, ambao huigeuza kuwa asidi ya salfuriki.

Zege jipya lina kinga yake ya asili. Kipimo cha pH cha uso wake huwa kati ya 12 na 13, hali ambayo bakteria hao hawaistahimili. Lakini hewa ya kabonidayoksaidi pamoja na gesi ya majitaka huishusha taratibu. Ikifika kiasi cha 9, bakteria wa kwanza huanza kuweka makazi, na kila kizazi huandaa mazingira kwa kizazi kinachopenda ukali zaidi. Mwishowe pH ya uso huo huweza kushuka hadi 1, ukali unaokaribia ule wa asidi ya betri ya gari.

Mara nyingi asidi hiyo haihangaiki na kokoto. Hushambulia saruji inayozishikanisha na kuigeuza kuwa jasi, kitu cheupe na laini mithili ya chaki iliyolowa. Katika mazingira mabaya, zege huweza kupoteza milimita kadhaa kila mwaka. Nondo zikishafikiwa hushika kutu, na dari iliyokuwa imebeba udongo na barabara hubaki bila nguvu.

Hatari zaidi ni kwamba uharibifu huo hautoi dalili juu ya ardhi. Barabara hubaki laini na magari huendelea kupita, hadi siku shimo linapofunguka.

Historia ya tatizo na tiba

Los Angeles ni miongoni mwa miji iliyolifahamu tatizo hili mapema. Mwaka 1900, wahandisi Olmstead na Hamlin waliandika kuhusu bomba la mji huo lililopeleka majitaka baharini, na kueleza jinsi gesi ilivyokuwa ikiiharibu saruji yake.

Kwa miongo kadhaa wataalamu waliamini kwamba huo ulikuwa mgongano wa kemikali peke yake. Mwaka 1945, mtafiti C. D. Parker wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba viumbe hai walihusika, baada ya kuwatenga bakteria wanaotengeneza asidi hiyo kutoka katika zege lililooza.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1947, bitana ya plastiki aina ya PVC iliyopewa jina la T-Lock ilianza kutumika katika mabomba ya zege huko Los Angeles. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa asidi haiwezi kuzuiwa isitengenezwe, basi izuiwe isiliguse zege.

Historia ya eneo hilo ina funzo jingine. Kuanzia miaka ya 1970, viwanda vilianza kubanwa na sheria ili visimwage metali nzito na sianidi katika mabomba ya umma. Hatua hiyo ilikuwa njema kwa bahari na kwa afya ya watu. Hata hivyo, sumu hizo zilikuwa pia zikiwadhoofisha bakteria wa utando. Zilipopungua, salfaidi ikaongezeka, na mabomba ya zege yasiyokuwa na bitana yakaanza kuliwa kwa kasi ambayo waliyoyajenga hawakuitarajia.

Kwa maneno mengine, bomba hujengwa kwa ajili ya majitaka ya leo lakini hulazimika kuishi na majitaka ya miaka 50 ijayo. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutotegemea unene wa zege peke yake.

Plastiki yenye mizizi

Swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni kwa nini isipakwe rangi nzito tu. Rangi za kinga zipo na hutumika, hasa katika ukarabati. Tatizo lake ni kwamba hushikilia uso wa zege kwa kunata tu. Maji ya ardhini yanayopenya ukutani husukuma kutoka nyuma, na mahali pasiponata vizuri huvimba, hupasuka na kubanduka.

Bitana inayofungwa ndani ya zege hainati, imeota mizizi. Upande wake wa ndani ya bomba ni laini kama sahani. Upande wa nyuma una mbavu zenye umbo la herufi T zilizozaliwa pamoja na karatasi yenyewe. Zege bichi huzizunguka mbavu hizo na, likishakauka, haziwezi kung'oka bila kuvunja ama zege ama plastiki.

T-Lock, kwa mfano, ina unene wa takriban milimita 1.65, na mbavu zake hupishana kwa takriban milimita 64. Karatasi nyembamba kiasi hicho huweza kustahimili msukumo wa maji ya ardhini kwa sababu mzigo hugawanywa kwa mbavu nyingi zilizo jirani.

Aina ya pili inayotumika sana imetengenezwa kwa polithini nzito, inayojulikana kwa kifupi kama HDPE. Badala ya mbavu ndefu, nyingi kati ya hizo huwa na vijiti vifupi vingi vilivyotapakaa mgongoni mwa karatasi.

Kila moja ina tabia yake. PVC hupindika kirahisi na kuchomelewa bila shida kubwa, lakini hudhurika inapokutana na baadhi ya viyeyushi vya viwandani. HDPE huvumilia kemikali nyingi zaidi, lakini ni ngumu kukunja na hutanuka sana kwa joto. Karatasi yake yenye urefu wa mita 10, ikipata ongezeko la joto la nyuzi 30 za Selsiasi, huweza kurefuka kwa karibu sentimita sita.

Hatua za kazi

Katika mabomba yanayofinyangwa kiwandani, karatasi hukatwa kwa vipimo na kuunganishwa kuwa mfano wa soksi inayovalishwa umbo la chuma la ndani. Kisha kizimba cha nondo hushushwa kukizunguka, umbo la nje hufungwa, na zege humwagwa katikati.

Katika chemba, visima vya pampu na mahandaki yanayojengwa papo hapo, karatasi hufungwa kwenye boksi la ndani la kumwagia zege, mbavu zikielekea upande ambao zege litakuwapo. Mambo yafuatayo huamua ubora wa kazi hiyo.

Kwanza, karatasi hulazwa bila mikunjo. Jua kali huifanya itanuke na kuunda mawimbi, hivyo mafundi wazoefu huifunga na kuikaza wakati wa baridi ya asubuhi, au huiwekea kivuli hadi saa ya kumwaga.

Pili, nondo hupangwa bila kuitoboa. Ncha ya waya wa kufungia nondo inatosha kutengeneza tundu ambalo macho hayatalitambua. Aidha, nafasi kati ya nondo na bitana hupimwa kuanzia kwenye kilele cha mbavu, wala si kwenye uso wa karatasi, ili zege lipate njia ya kupita.

Tatu, zege humwagwa kwa tabaka na kutikiswa kwa uangalifu. Kutikisa kidogo huacha mapango nyuma ya mbavu. Kutikisa ovyo kwa mashine inayogusa karatasi huichana. Hatua hii ina hatari yake ya pekee. Katika ukuta wa kawaida, zege lenye matundu huonekana boksi linapofunguliwa. Penye bitana, plastiki laini hulificha. Ndiyo maana msimamizi hupita akigonga kwa nyundo ya mpira na kusikiliza mlio wa utupu.

Nne, boksi hufunguliwa bila kutumia mitaimbo iliyochongoka. Matundu yote ya misumari na ya vyuma vya kushikilia boksi huwekewa viraka vya plastiki ileile, vikachomelewa pande zote.

Tano, viungo hufungwa. Mabomba mawili yanapokutana, pengo la zege kati yake hujazwa kwanza, kisha utepe mpana wa plastiki hulazwa juu ya kiungo na kingo zake huchomelewa kwa hewa ya moto. Moto ukipungua, utepe hushika juujuu tu. Ukizidi, plastiki huungua, hugeuka rangi na kupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo, mikataba mingi hutaka kila mchomeleaji afanyiwe jaribio kabla hajaruhusiwa kugusa kazi halisi.

Jaribio la cheche

Kazi ikikamilika, jicho peke yake haliaminiwi. Mkaguzi hupitisha juu ya bitana yote kifaa chenye brashi ya chuma kinachotoa umeme wa volti nyingi. Huko Los Angeles, kanuni za ujenzi wa umma zimekuwa zikitaka bitana ya PVC ipimwe kwa volti zisizopungua 20,000.

Plastiki haipitishi umeme, lakini zege lenye unyevu lililo nyuma yake hupitisha. Palipo na tundu, hata la ukubwa wa ncha ya sindano, cheche huruka na kifaa hulia. Mahali hapo huwekewa alama, huchomelewa na kupimwa upya.

Viungo vilivyochomelewa huchunguzwa pia kwa kuvutwa. Mchomeleaji huacha vishikio vidogo katika utepe ili mkaguzi avivute kwa kipimo maalumu kabla havijakatwa. Kinachobanduka kirahisi hurudiwa chote, si ncha yake pekee.

Umuhimu wa ukali huo ni dhahiri. Gesi haihitaji mlango mpana. Ikipita katika kiungo kimoja kilichochomelewa vibaya, asidi hutengenezwa nyuma ya plastiki, na zege huliwa bila mtu yeyote kuliona, hadi mbavu zikose kitu cha kushikilia.

Sehemu inayoachwa wazi

Katika mabomba mengi, bitana ya PVC haizungushwi mduara mzima. Sehemu ya chini kabisa, ambayo hubaki ndani ya maji hata saa za usiku mkondo unapopungua, huachwa zege tupu kwa makusudi. Mahali pasipofikiwa na hewa, asidi hiyo haitengenezwi.

Kingo za chini za bitana hushushwa hadi chini ya kiwango cha maji machache zaidi yanayotarajiwa. Uwazi ulio chini husaidia pia maji ya ardhini yaliyopenya nyuma ya plastiki kupata njia ya kutokea badala ya kuisukuma.

Hesabu ya kiwango hicho ikikosewa, huachwa ukanda wa zege unaolowa na kukauka kila siku, na hapo ndipo uharibifu huanzia. Kwa sababu hiyo, katika baadhi ya miradi, hasa inayotumia HDPE, mduara wote hufunikwa.

Kosa jingine linalojirudia katika miradi ya aina hii ni kuweka bitana ndani ya bomba na kusahau chemba au kisima cha pampu kilicho mwisho wake. Bitana haipunguzi gesi. Huinyima tu zege la kulila. Gesi husafiri hadi penye uso wa kwanza usiokingwa, na mara nyingi hapo ndipo maji yanapoporomoka na kuitoa kwa wingi zaidi.

Usalama wa mafundi

Kazi ndani ya muundo mpya ambao haujapokea majitaka huwa na hatari za kawaida za ujenzi, pamoja na moshi wa plastiki inayochomelewa. Hali hubadilika pindi bomba jipya linapounganishwa na la zamani.

Haidrojeni salfaidi hunusika ikiwa kidogo sana, chini ya sehemu moja katika milioni ya hewa. Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni, huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani gesi imeondoka. Ikizidi sehemu 500 huweza kumwangusha na kumuua kwa muda mfupi.

Ndiyo sababu hakuna anayepaswa kuingia bila hewa kupimwa kwa kifaa, feni kuwashwa, mkanda wa kumvutia juu kufungwa na mwenzake kubaki mlangoni. Mwokoaji anayejitosa bila kinga mara nyingi huwa maiti ya pili.

Singapore na funzo la joto

Singapore ilichagua kuweka kinga hiyo mapema katika mfumo wake wa mahandaki ya kina kirefu. Awamu ya kwanza, yenye handaki la kilometa 48 kutoka Kranji hadi Changi, ilikamilika mwaka 2008. Uchimbaji wa mahandaki ya awamu ya pili ulikamilika mwaka 2023. Katika mahandaki hayo, zege la ndani limevishwa bitana ya HDPE, na ya awamu ya pili yamesanifiwa kudumu miaka 100.

Sababu inaeleweka kwa urahisi. Handaki lililo makumi ya mita chini ya majengo, linalobeba majitaka ya sehemu kubwa ya nchi, haliwezi kufungwa ili mafundi waingie kupaka rangi.

Joto nalo lina nafasi yake. Katika hesabu wanazotumia wahandisi, uzalishaji wa salfaidi huongezeka kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Majitaka yenye nyuzi 30, kwa hesabu hiyo, huzalisha karibu mara mbili ya yale yenye nyuzi 20, mambo mengine yakiwa sawa.

Miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kama Dar es Salaam na Mombasa, imo upande wa joto wa hesabu hiyo. Muundo ulionakiliwa kutoka nchi ya baridi, ambako zege tupu limedumu miaka mingi, hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba litadumu vivyo hivyo katika miji hiyo.

Si kila bomba linahitaji bitana. Mabomba madogo ya mitaani hutengenezwa kwa plastiki yenyewe au kwa udongo uliochomwa, vitu visivyoliwa na asidi hiyo. Hali kadhalika, mtelemko wa kutosha unaoyafanya majitaka yatembee kwa kasi hupunguza salfaidi tangu mwanzo. Bitana huhitajika zaidi katika miundo mikubwa ya zege, yenye mtelemko mdogo, inayopokea majitaka yaliyosafiri mbali, na iliyofukiwa mahali ambapo haitafikika tena kirahisi.

Kwa mamlaka inayosimamia ujenzi wa aina hiyo, maswali ya msingi ni machache: nani amehesabu kiwango cha gesi kinachotarajiwa, nani amethibitisha uwezo wa wachomeleaji, nani ameikagua bitana kabla ya zege kumwagwa, na kumbukumbu za jaribio la cheche zimehifadhiwa wapi.

Maswali hayo hujibiwa kwa gharama ndogo boksi likiwa bado wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na katika bomba la majitaka, ukuta huo hujengwa chini ya barabara iliyozama.